Kijana wa miaka 15 Tabora anarusha mpira kwa kasi: njia ya kufika besiboli ya kulipwa ikoje?

Kitete_TBR
Wakuu, habari za jioni. Kuna kijana wa kidato cha pili hapa Tabora, miaka 15, ana mkono mkali mno. Tumempima kwa video ya simu, imetoka kilomita 130 kwa saa. Anataka besiboli ya kulipwa Marekani. Aanzie wapi, na akishasajiliwa maisha yanakuwaje? Uwanja wetu ni mchanga mtupu.

Mwanga_Kigoma
Mkuu, hiyo 130 ihakikini kwanza, maana kipimo kibovu kitamharibia jina. Kutoka ubao wa mrushaji hadi kituo cha nyumbani (pale anaposimama mpigaji) ni mita 18.44, lakini mpira unaachiwa mbele ya ubao, kwa hiyo unasafiri kama mita 16.7 tu. Simu ikirekodi picha 30 kwa sekunde, mpira uliochukua picha 15 una wastani wa km 120 kwa saa. Ukihesabu 14, tayari ni 129! Picha moja tu imeleta tofauti yote hiyo. Rekodini kwa picha 240 kwa sekunde, simu ikae ubavuni na isitikisike, na umbali upimwe kwa futi kamba, si kwa hatua. Kama mnaweza kuazima tochi ya trafiki, bora zaidi. Kwa umri wake, 120 ya kweli ni dalili nzuri. Ligi kuu ya Marekani (MLB) wastani wa mpira wa kasi ni 150 hivi.

Kuhusu mchanga: mguu wa kutua ukiteleza, mkono unachelewa na kiwiko ndicho kinacholipa. Tengenezeni tuta la kurushia. Tabora mna utajiri wa udongo wa kichuguu, unashika vizuri ukilowanishwa na kushindiliwa. Kimo sentimita 25, juu yake ubao wa sm 61 kwa 15 uliozamishwa usicheze. Acheni sm 15 tambarare mbele ya ubao, kisha mteremko ushuke sm 2.5 kwa kila sm 30. Msimpe mpira wa kriketi eti unafanana: una gramu 156 hadi 163, wa besiboli ni 142 hadi 149.

Nesi_Ujiji
Naongezea hapo kwenye kiwiko, maana wengi huishia hapo. Ukano wa upande wa ndani wa kiwiko huchanika polepole kwa kurusha ukiwa umechoka. Mwongozo unaotumika Marekani kwa miaka 15 na 16 ni mirusho isiyozidi 95 kwa siku. Akirusha 31 hadi 45 apumzike siku moja, 46 hadi 60 siku mbili, 61 hadi 75 siku tatu, 76 na zaidi siku nne. Kila mwaka awe na angalau miezi minne bila kurusha mashindanoni, na ndani yake miwili hadi mitatu mfululizo bila kurusha kabisa. Siku anayorusha asiwe pia mdakaji (anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji), kwa sababu mdakaji naye hurudisha mpira kila mara. Maumivu ya ndani ya kiwiko au ganzi ya kidole cha mwisho: asimame palepale, na tafadhali asimeze dawa ya maumivu ili aendelee.

Upasuaji wa ukano huo upo. Daktari Frank Jobe aliufanya mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mrushaji wa ligi kuu Tommy John, ambaye alirudi 1976 na kucheza hadi 1989. Lakini mrushaji hukaa nje miezi 12 hadi 18, na kwa kijana asiye na mkataba gharama hizo nani atazibeba?

Reli_ya_Kati
Mkataba hausainiwi kabla ya miaka 16, na lazima atimize 17 kabla ya tarehe 1 Septemba ya msimu wake wa kwanza. Dirisha la usajili hufunguliwa 15 Januari na kufungwa 15 Desemba. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa cha RITA kishughulikiwe sasa. Jina na tarehe vifanane na vya shuleni herufi kwa herufi, kwani klabu huchunguza umri kwa ukali na tofauti ndogo huua mkataba.

Akisaini, hajafika. Anaanzia ligi za mafunzo, kisha ngazi nne za ligi ndogo kuelekea juu: A, A ya juu, AA, AAA. Kwa makubaliano ya 2023, mshahara wa mwaka ngazi ya mafunzo ulikuwa dola 19,800, AAA dola 35,800. Ligi kuu kima cha chini kwa 2025 kilikuwa dola 760,000. Pengo hilo ndilo linalowaweka watu kwenye mabasi ya usiku ya ligi ndogo miaka na miaka. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akaingia ligi kuu 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kufika huko. Na hata baada ya hapo alirudishwa chini msimu uleule. Mwaka wa utumishi katika ligi kuu huhesabiwa kwa siku 172. Anahitaji miaka sita ya hivyo ndipo awe huru kuchagua klabu.

Waganda Ben Serunkuma na Umar Male walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, kwa hiyo mlango upo hata kwetu. Aonekane Dar: Sekondari ya Azania kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani.

Kitete_TBR
Nashukuru sana ndugu zangu. Kuna mtu anadai laki tano ya "majaribio ya klabu". Tumlipe?

Reli_ya_Kati
Hapana, hata shilingi. Klabu ndiyo inayomlipa mchezaji. Rekodini mirusho kumi kutoka nyuma ya mdakaji na kumi kutoka ubavuni, bila muziki wala kukatakata, pamoja na mbio za mita 55 (chini ya sekunde 7 watatazama). Mwanzoni mwa video asome jina lake kama lilivyo kwenye cheti.