Kumpiga mwenzi wa ndoa: ni kifungu kipi hasa, na kwa nini kila faili linaandikwa "shambulio la kawaida"?

Kamati_Nkuhungu

Wadau wa sheria, salaam. Kamati yetu ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa, hapa Dodoma mjini, inaandaa karatasi moja ya kubandika kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Tumekwama mahali pawili.

Kwanza, tukisema "ukatili wa majumbani ni kosa la jinai", wananchi wanauliza: kifungu gani, miaka mingapi? Tumeipekua Kanuni ya Adhabu mwanzo hadi mwisho na hatuoni kosa lenye jina hilo. Pili, mafaili tunayofuatilia yanaandikwa karibu yote "shambulio la kawaida", hata aliyepigwa akiwa ameshonwa nyuzi. Panapoharibika ni wapi: polisi, hospitali, au kwa mlalamikaji mwenyewe? Naomba majibu yenye namba. Hotuba tumeshazisikia za kutosha.

Wakili_Makole

Hamjaliona kwa sababu halimo. Tanzania Bara haina sheria inayojitegemea ya ukatili wa majumbani. Kinachoshtakiwa ni kitendo, na adhabu inafuata ukubwa wa dhara lililompata aliyepigwa. Kwa kipigo, ndoa haimpunguzii mtu kosa wala haimwongezei.

Karatasi yenu ianze na kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachosema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kinamlinda mke na mume sawasawa. Chenyewe hakitaji adhabu. Faida yake ni kwamba kinamnyang'anya mshtakiwa utetezi wa "nilikuwa namrekebisha mke wangu". Adhabu mnazikuta kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Kofi au msukumo usioacha dhara ni shambulio la kawaida, kifungu cha 240, hadi mwaka 1 jela. Dhara likionekana, mathalani jicho limevilia damu au mgongo una alama za mkanda, mnahamia 241, shambulio la kudhuru mwili, hadi miaka 5. Ngozi ikipasuka au ikitobolewa, kifungu cha 5 kinaliita hilo jeraha, na kujeruhi isivyo halali ni 228, hadi miaka 3. Ndiyo, 228 ina miaka michache kuliko 241. Ndivyo ilivyotungwa, na mwendesha mashtaka mwenye faili la nyuzi mbili tatu anapaswa kupima ni kipi kati ya hivyo viwili kinakaa vizuri na ushahidi wake.

Juu yake kuna 225, madhara makubwa, hadi miaka 7. Hapa watu hukosea sana. Madhara makubwa hayapimwi kwa wingi wa damu. Kifungu cha 5 kinataka dhara liwe limehatarisha uhai, au limeua au kulemaza kabisa kiungo au hisi, au limeharibu afya vibaya au kwa kudumu, au limeharibu sura kwa kudumu, au limeumiza kiungo cha nje au cha ndani vibaya au kwa kudumu. Kwa hiyo mkono uliovunjika haujiiti wenyewe "madhara makubwa". Lazima awepo mtu wa kuieleza mahakama kwamba mkono huo umeumia kiasi gani na utarudi hali yake au la. Ikithibitika kwamba mpigaji alikusudia kabisa kuleta madhara makubwa, kuna 222, na hapo kifungo kinaweza kufika maisha. Kujaribu kuua, kifungu cha 211, nako ukomo ni maisha.

Sisitizeni kwenye karatasi kwamba hiyo yote ni mipaka ya juu. Hakimu anaweza kutoa kifungo kifupi, faini, au kumwachia mtu kwa masharti, na anaweza pia kuamuru mlalamikaji alipwe fidia.

Tabibu_Wilayani

Kwenye swali la pili, upande wa hospitali tuna sehemu yetu ya lawama. Afisa wa dawati la polisi anayeandika kosa siku ya kwanza anaangalia PF3 tuliyomrudishia (fomu ya polisi ambayo tabibu huandika majeraha aliyoyaona), na nyingi zinarudi na mstari mmoja: "maumivu ya mwili, amepewa dawa". Kwa maneno hayo, ukitaka kuwa mkweli, hata mimi ningeandika 240.

PF3 inayosimama inataja kila jeraha peke yake: liko wapi, urefu na kina kwa sentimita, rangi ya mvilio, nyuzi ngapi, picha ya eksirei imeonyesha nini, na linaonekana kusababishwa na kitu butu au chenye makali. Halafu inasema kama kiungo kinafanya kazi au hakifanyi. Ajaze na kusaini yuleyule aliyempima. Akijaza mmoja na aliyempima ni mwingine, kizimbani wote wawili mnaonekana hamjui kitu.

Wakati nao una hesabu yake. Jinai kama hizi hazina siku ya kuisha muda wa kushtakiwa, ila mvilio una siku zake. Anayekuja baada ya wiki mbili tunaandika "hakuna alama", na tunakuwa tumesema kweli. Ndiyo maana kwa waliopo mbali, tuseme mtu wa vijiji vya ndani ya Chemba au Mpwapwa, utaratibu wa "nenda kwanza kituo kikubwa cha polisi" unaua kesi. Anayevuja damu atibiwe kwanza zahanati ya karibu, maelezo yaandikwe kwenye daftari na kwenye kadi yake siku hiyohiyo, PF3 ifuate. Nguo zenye damu zisifuliwe. Zikunjwe kwenye karatasi au bahasha, si mfuko wa plastiki, zitaoza.

Karani_Mzoefu

Naongezea sababu ya tatu ambayo Wakili ameipita: mahali kesi inapofunguliwa.

Mashauri mengi ya namna hii hupelekwa Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko jirani na husikilizwa upesi. Hakuna ubaya, lakini Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida haiwezi kumfunga mtu zaidi ya miezi 12. Ukiifungua 241 pale, ile miaka 5 ya kwenye kitabu imeshabaki mwaka 1 kabla hata shahidi wa kwanza hajaapa. Pale pia kwa kawaida hakuna wakili wa Serikali wa kumsaidia mlalamikaji. Anaongoza ushahidi mwenyewe. Dhara likiwa zito, mlalamikaji amwombe mpelelezi faili liende kwa waendesha mashtaka wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ili lifunguliwe Mahakama ya Wilaya. Aombe mapema, kwa heshima, na namba ya RB (namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi) mkononi.

PF3 nayo ina mtego wake mahakamani. Kifungu cha 240 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (msikichanganye na 240 ya Kanuni ya Adhabu, namba zimefanana tu) kinamtaka hakimu amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe kuhojiwa. Tena kielelezo kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti mahakamani. Yakirukwa hayo, Mahakama ya Rufani huiondoa PF3 kwenye kumbukumbu, na imefanya hivyo mara nyingi. Kesi ikiwa na daktari aliyekuja kueleza kwa mdomo alichokiona, inaweza kupona. Ikiwa na karatasi pekee, imekufa.

Kamati_Nkuhungu

Shukrani, tumeanza kuona mwanga. Mawili zaidi. Matusi, vitisho, kuchomewa nguo, kunyimwa matumizi: hayo yanaingia wapi? Na mlalamikaji akija asubuhi kusema "nimesamehe, futeni", nini kinatokea? Hilo la pili ndilo tunalokutana nalo kila wiki.

Wakili_Makole

Matusi na vitisho vya kudhuru au kuua viko kifungu cha 89. Kuchoma nguo au kuvunja vyombo ni 326, kuharibu mali kwa makusudi, hadi miaka 7. Mshtakiwa atasema "nilizinunua mimi". Sheria ya Ndoa inachukulia alichompa mwenzi wake kama zawadi kuwa ni mali ya aliyepewa, hadi ithibitishwe vingine, kwa hiyo hoja hiyo haimfikishi mbali.

Kunyimwa matumizi si jinai kati ya watu wazima. Ni madai ya matunzo. Watoto ni habari nyingine: kifungu cha 169A, ukatili kwa mtoto, kina kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15, au faini. Na kuhusu kubaka, semeni ukweli kwenye karatasi yenu: kifungu cha 130 kinamtambua mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu walipokuwa wametengana. Naliona ni pengo baya, lakini mkiandika kinyume mtu ataamini, ataenda kituoni na kurudishwa, na hatawaamini tena.

Karani_Mzoefu

Suala la "nimesamehe". Mlalamikaji si mwenye kesi. Kwenye hati ya mashtaka ya Mahakama ya Wilaya mwenye kesi ni Jamhuri, na mwenye mamlaka ya kuiondoa ni upande wa mashtaka. Mapatano yamewekewa mlango mmoja, kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: hakimu anaweza kuhimiza usuluhishi, na hata fidia, kwa shambulio la kawaida au kosa la binafsi lisilo kubwa na lisilo na mazingira ya kulizidishia uzito, kama anaona maslahi ya umma hayadai adhabu. Ukiusoma mlango huo vizuri utajua kwa nini ndugu wa mpigaji hupenda sana faili liandikwe 240. Likiandikwa hivyo mlango uko wazi. Likiandikwa 225, umefungwa.

Na lile la mtaani, kwamba mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, ni nusu ya sheria. Kwa kawaida mwenzi wa ndoa anaweza kutoa ushahidi ila halazimishwi. Lakini kifungu cha 130 cha Sheria ya Ushahidi kinauondoa msamaha huo pale kosa linapomgusa yeye mwenyewe, mali yake au watoto wao. Hapo anaweza kulazimishwa kama shahidi mwingine yeyote. Maneno hayo mwambieni siku ya kwanza. Asije akayasikia kwenye hati ya wito.

Msaidizi_Kisheria_Bahi

Kuna jambo linalosahaulika: dhamana. Makosa haya mengi yanadhaminika, na dhamana ya polisi hailipiwi. Maana yake mpigaji anaweza kuwa nyumbani jioni ileile. Mlalamikaji amweleze mwendesha mashtaka kabla ya siku ya kusomwa shtaka, ili aiombe mahakama iweke sharti la mshtakiwa kutomsogelea. Lisipoombwa, mara nyingi haliwekwi.

Kama tayari kuna shauri la ndoa mahakamani, kifungu cha 138 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kumzuia mwenzi, hata aliyekwisha kutalikiana naye, asimwandame mwenzake wala kumsumbua. Hiyo ndiyo amri ya zuio tuliyo nayo, na tatizo lake mmeliona: inahitaji shauri liwepo. Wengi hukwama hapo kwa kudhani lazima waombe talaka, na talaka inapitia kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Maombi ya kutengana hayabanwi na sharti hilo la kifungu cha 101. Na Baraza hilo lisichanganywe na kesi ya jinai: kusuluhishwa pale hakufuti faili la polisi.

Kwa karatasi yenu, andikeni pia namba 112 ya polisi, na 116 kwa mambo ya watoto. Namba za vifungu tulizotaja humu ni za matoleo ya 2019 na 2022. Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 2025 na baadhi ya namba zimesogea, kwa hiyo kabla ya kubandika mwombeni karani wa mahakama yoyote awalinganishie.