Aliyeona mafuriko amepewa 8, aliyenakili harusi amepewa 17. Walimu wa insha, mnatufanyia nini?

Wadau, leo nimekasirika na sitaki mtu aniambie nipunguze hasira.

Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Kompyuta nne na printa moja inayokohoa. Ninajazia watu fomu za KRA (kodi) na HELB (mikopo ya wanafunzi), ninatoa fotokopi, ninachapisha kila mnacholetewa na walimu kwenye WhatsApp. Kwa hivyo kuhusu insha za wanafunzi mimi si mpita njia. Zinapita mikononi mwangu kila siku, za Kiswahili, za historia, za bayolojia, za kila somo.

Wiki iliyopita binti yangu wa kidato cha tatu alikuja kwa likizo ya katikati ya muhula. Anasoma bweni, huku huku magharibi. Shule siitaji, hata mkinifuata faraghani. Aliweka sanduku, akala, akalala. Asubuhi nikamkuta kwenye benchi nyuma ya saiba na daftari la insha mapajani, kimya. Nikalichukua. 8 kwa 20. Kalamu nyekundu imepita juu ya ukurasa kama plau. Chini mwalimu ameandika: "Utangulizi hauvutii. Methali ziko wapi? Pamba lugha!"

Mada ilikuwa siku ambayo hutaisahau. Mtoto akaandika mafuriko ya 2024, masika yale yaliyolaza watu nje nchi nzima. Alikuwa kwa dani yake, yaani mamangu, huko Kano upande wa Ahero. Anayeijua Kano anajua: ardhi tambarare kama meza, na mto Nyando unashuka kutoka milima ya Nandi na udongo wote wa huko, ukifika chini unakosa njia, unaingia kwa watu bila hodi.

Aliandika kwamba kuku ndio waliojua kwanza. Usiku wa manane kuku waliofungiwa jikoni walianza kurukia mafiga, na dani akasema wameona nyoka. Aliposhusha mguu kitandani maji yakamfika kifundoni. "Maji hayakupiga kelele, yalikuwa yanapanda tu." Hiyo sentensi nimeisoma mara tatu. Aliandika harufu ya choo kilichofurika. Aliandika jinsi dani alivyotia redio na hati ya shamba ndani ya sufuria kubwa, akaifunika, akaisukuma mbele yake ikielea kama mtumbwi mpaka shule ya msingi iliyo juu kidogo. Kisha akaandika kitu ambacho mimi mwana wa huyo mama sikuwahi kuambiwa: kwamba walipofika, dani alikaa kwenye dawati la watoto, akaangalia sufuria yake, akacheka mpaka akalia. Usiku huo nilimpigia simu, akaniambia "tuko salama", akakata.

Hiyo ndiyo 8.

Nikamuuliza, "Na aliyeongoza alipata ngapi?"

"17, Baba. Ilisomwa mbele ya darasa."

"Ilihusu nini?"

"Harusi."

"Inaanzaje?"

Akaanza, maana wameambiwa wote waikariri: "Jua lilikuwa limechomoza kutoka matlai, likitandaza miale yake ya dhahabu..."

Nikamalizia mimi: "...nami nikarauka kabla ya jogoo wa kwanza kuwika, huku ndege wakitumbuiza kwa nyimbo za kuongoa roho."

Akanikodolea macho. "Baba, umeijuaje?"

Nimeijuaje! Omera, hiyo ni insha namba 23. Imo ndani ya PDF ya insha 50 za mfano inayozunguka kwenye vikundi vya wazazi kuanzia hapa hadi Luanda ya Vihiga. Nimeichapisha hadi naiota. Wameniletea watu wa Maseno, watu wa Chavakali, mzazi mmoja aliitoa Nakuru kwa dadake. Tena someni vizuri hiyo sentensi: jua limeshachomoza na jogoo bado hajawika. Jogoo wa wapi huyo? Na mwalimu ameitilia alama ya vema pembeni, kubwa, kama ya kufagia ua.

Hamjasikia bado. Ndani ya hiyo PDF bibi harusi ana meno meupe kama theluji. Theluji mtoto wa mtaa wa Manyatta ameiona wapi, ndani ya friji ya soda? Kuna insha ya kuzuru ufuo, upepo wa Bahari Hindi unampapasa mtu mashavu. Mtoto anayeikariri anaishi Nyalenda, hapa hapa Kisumu. Akitembea dakika chache yuko Dunga, ziwa lile pale, mafunjo yale pale, wanaume wanavuta mitumbwi iliyonaswa na gugumaji, wanawake wanapigia bei omena, yaani dagaa. Hakuna hata mstari mmoja. Ziwa lenyewe halimo katika zote 50, nimetafuta. Kila anayeogopa anatokwa na kijasho chembamba, na wahenga wananena kila aya ya pili, hata penye ajali ya barabarani. Mtu amekatika mguu, msimulizi anasimama kutoa methali.

Mtaniambia mtihani ndio unavyotaka. Nimechapisha miongozo ya kusahihisha pia, msinitishe. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina insha 2, kila moja alama 20, saa 1 na dakika 45. Kiwango cha A ni kuanzia 16. Kinachotazamwa hapo ni umilisi wa lugha, mawazo, mtiririko, ufundi wa kueleza. Tamathali zimo, ndiyo. Lakini sufuria inayoelea kama mtumbwi si tashbihi? Au tashbihi ni mpaka iwe imekufa kwanza?

Na si Kiswahili peke yake. Alipoona nimewaka, binti akatoa madaftari mengine. Huko wanaandika kwa Kiingereza, mimi nasimulia kwa lugha yetu.

Bayolojia, ile insha ya alama 20 ya karatasi ya pili, waliipiga kama zoezi: mimea ya majini imejirekebisha vipi kuishi humo. Mtoto huyu likizo ya Desemba alitoa gugumaji Dunga, akalikata kikonyo kwa kisu cha jikoni, akakuta ndani sponji tupu, imejaa hewa. Akalibonyeza ndani ya ndoo, likarudi juu. Akaandika hivyo hivyo, kwamba hewa iliyo kwenye kikonyo ndiyo inayolielesha, mizizi inaning'inia majini bila kushika udongo, na kwamba linashiba mbolea inayooshwa mashambani na maji taka ya mji. Akaongeza kwamba lilitoka Amerika Kusini na kwamba katika miaka ya 1990 waliletwa fukusi wa kulila. Ni kweli, wazee wa ufuoni wanawakumbuka. Mwalimu akakata. Kwenye mwongozo wake mfano ni yungiyungi. "Nafasi za hewa" imo kwenye mwongozo, nimeiona kwa macho yangu, hoja ni ile ile! Ila mtoto ameandika "sponji" na ametaja mmea usiotajwa. Ukurasa mzima umepata 9.

Historia ndiyo iliniuma zaidi, labda kwa sababu nimekulia kando ya reli. Matokeo ya ujenzi wa Reli ya Uganda. Ilianza Mombasa 1896, Nairobi ikafika 1899, ikafika hapa kwetu Desemba 1901, na hapa wakapaita Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi. Hayo wameandika darasa zima kwa mpangilio mmoja kama watu waliopanga foleni ya unga. Binti yangu akaweka Kibos. Akaeleza kwamba baadhi ya Wahindi hawakurudi kwao, walipewa ardhi Kibos wakapanda miwa, na ndiyo sababu leo ukipanda matatu ya kwenda Miwani unapita kwenye mashamba ya miwa mpaka unachoka. Hoja ya Waasia kulowea nchini imo kwenye kila mwongozo niliowahi kuchapisha. Mwalimu ameandika pembeni: "Stick to the book." Yaani ng'ang'ania kitabu, na imeuma sawasawa. Kibos iko kilomita chache kutoka mjini. Ingekuwa kitabu kingekuwa kikubwa sana, sijui kama mwalimu angeweza kukibeba.

Kijana wangu mdogo wa sekondari ya msingi naye, wale wa mtaala mpya tulioambiwa unalenga umilisi, aliulizwa shughuli za kiuchumi za jamii yake. Akaandika mgongo wazi: kwamba minofu ya samaki mbuta inapakiwa kwenda Ulaya na sisi tunabaki kununua mifupa tukaange. Akaambiwa jibu ni "uvuvi". Haya.

Sasa nije kwangu, kabla hamjaja nyinyi.

Ijumaa aliingia mama mmoja anayeuza omena Kibuye. Nguo zinanukia kazi yake. Akanipa simu, "Kijana wangu, nitolee hii, mwalimu amesema asiyekuwa nayo Jumatatu asiingie darasani." Nikafungua. Ni ile ile. Kurasa 112. Kwangu ukurasa ni shilingi 10. Nikamwambia, "Mama, ni 1,120, lakini nikikuchapishia pande mbili nitakufanyia 800." Akafungua leso, akahesabu sarafu, akafika 650 akasimama. Nikamwambia ziache hizo, zinatosha. Nikachapisha. Nilikuwa nimesimama pale printa ikikohoa, insha namba 23 ikatoka, jua likachomoza kutoka matlai, na mimi nikazipanga kurasa vizuri nikazipiga stapo. Ndiyo, nilipokea. Kodi ya Kondele hailipwi kwa hasira. Lakini zile 650 sijazitumia mpaka leo, ziko kwenye mkebe wa kalamu, na mke wangu anaona huo ni wazimu.

Mwalimu unayesoma hapa, nataka unijibu jambo moja tu. Ukimpa 17 mtoto aliyenakili, huku umeisoma insha hiyo hiyo kwa watoto 30 mwaka jana, unasahihisha nini hasa? Mwandiko?

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma majibu yenu. Wale wa "wazazi wa siku hizi", pitieni mbali.

Ila kuna mwalimu amenijibu kwa heshima na nitamjibu kwa heshima. Anasema ana mikondo minne, kila darasa watoto zaidi ya 60, insha moja tu ni madaftari kama 250. Anasahihisha usiku kwa tochi ya simu stima ikipotea. Anasema ukisoma ya 180 macho yanatafuta methali kwa sababu methali inaonekana haraka, na kwamba mkuu wa shule hamuulizi watoto wameandika nini, anamuulizia wastani. Mtoto dhaifu akikariri harusi anatoka 4 anafika 11, na hiyo 11 ndiyo inamtoa D. Mwalimu, hilo sikulifikiria. Wa 4 kufika 11 sina neno, mpe harusi, mpe hata matanga. Lakini wangu hakuwa wa 4. Umemshusha ili afanane.

Mwingine ameuliza kwa nini siendi shuleni kuongea. Nilienda, Jumatatu, nilipomrudisha. Nikakutana na mwalimu wa somo, kijana mdogo tu, shati limepigwa pasi vizuri, analipwa na bodi ya shule kwa sababu TSC, tume inayoajiri walimu, haijamchukua. Nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Nikafungua daftari nikamsomea mwenyewe, kwa sauti, kuanzia kuku mpaka dani anacheka. Alisikiliza. Akaniambia, "Mzee, hii ni nzuri sana." Nikamuuliza, "Basi ni ngapi?" Akaangalia mlangoni kwanza. Akasema, "Nikiipa 16 na kwenye mtihani wa kitaifa msahihishaji mwingine aipe 8, wewe ndiye utarudi hapa kuniuliza." Nikakosa la kusema. Nikamwachia pesa ya chai, sijui hata kwa nini.

NYONGEZA ya pili: Binti amepiga simu jioni kwa simu ya matroni. Amemsalimia mamake, ameuliza dani, kisha akaniomba. "Baba, ile PDF. Zote 50. Nitumie na mtu wa matatu."

Nikamwambia lakini ya kwako ilikuwa...

"Najua, Baba. Lakini mitihani ya muhula ni wiki ijayo."

Mamake alikuwa amesimama karibu, amesikia, hakusema kitu, akaenda kuwasha printa. Tumefika ukurasa wa 61. Wino umeanza kufifia, namba 23 imetoka kijivu kijivu, lakini inasomeka.