Mawakala wa ajira Kigoma: wa kutuamrisha wawili, wa kutulipa hakuna

Wakuu, nisameheni kwa urefu. Leo mchana nimetoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mpaka sasa mikono inatetemeka.

Dada wa dirishani aliniomba namba ya uanachama, akaiandika, akanyamaza, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe. Nimefanya kazi miezi 18. Michango iliyomo ni ya miezi 5. Nikatoa slipu zangu za mshahara kwenye bahasha, nikazipanga pale dirishani moja moja, na kila moja ina mstari wa makato ya NSSF. Zote 18. Yule dada akazitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwajiri wako ni nani, kaka?"

Nikakosa jibu. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Slipu zina jina la wakala wa ajira. Kazi nilikuwa naifanya kwenye godauni la watu wengine, si mbali na bandari yetu ya Kigoma, mzigo unaoshushwa kwenye malori na kupakiwa kwenda Kalemie na Bujumbura. Majina siyataji, la wakala wala la godauni, maana suala nalipeleka mbele na sitaki wapate upenyo wa kunigeuzia kibao.

Nilivyoingia ni hivi. Wakala alikuwa amepanga chumba kimoja, meza, mashine ya fotokopi na foleni ya vijana mpaka nje. Fomu 20,000. Kitambulisho 10,000. Gambuti na reflekta 25,000, hiyo utakatwa mara mbili kwenye mshahara. Mama yangu aliuza dumu la mawese alilokuwa amelihifadhi asubiri bei ipande, nikapata ya fomu na kitambulisho. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa 6, tukasainishwa ukurasa wa mwisho tukiwa tumesimama, anayefuata, anayefuata. Nakala hakupewa hata mmoja. Ukiomba unaambiwa ipo kwenye faili.

Malipo yetu 12,000 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 26 ni 312,000, NSSF wanakata 31,200, na gambuti, na wakati fulani kulikuwa na makato yameandikwa "mengineyo" ambayo mpaka leo hakuna aliyewahi kunieleza ni yapi. Tunaingia saa moja asubuhi. Malori yakifululiza tunatoka saa tatu usiku, na ukiuliza habari ya ovataimu supavaiza anakwambia, "Hapa siku ni siku." Maana yake saa nne ulizobebea saruji za kilo 50 gizani ni sadaka. Sheria inasema saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Sisi wiki ya meli tunazimaliza hizo 45 kabla ya Ijumaa.

Siku moja mhasibu wa godauni alinituma kutoa fotokopi, na katikati ya karatasi kulikuwa na ankara ya wakala. Kichwa kimoja kwa siku: 20,000. Tulikuwa 40. Nilisimama pale kwenye mashine nikapiga hesabu kwenye simu: 20,000 toa 12,000 yetu inabaki 8,000, mara 40 mara siku 26 ni 8,320,000 kwa mwezi. Najua wakala naye ana gharama. Anatakiwa aongeze asilimia 10 ya kwake NSSF juu ya ile 10 anayonikata mimi, alipie mfuko wa fidia WCF, alipe kodi, aendeshe ofisi. Sawa. Ila ndugu zangu, hizo gharama ndizo hizo ambazo hazilipi! Miezi 13 ambayo haionekani ni kama 405,600 za jasho langu mimi mwenyewe, na ya kwake kiasi hicho hicho. Ipo wapi?

Lakini hela ni hela. Kilichonivunja moyo ni mguu wa dogo mmoja.

Huyu dogo ni wa Mwandiga, tumezoea kumuita Mwalimu kwa sababu anapenda kutuelekeza. Mwezi wa tano lori lilikuwa limepakiwa vibaya, safu ya juu ikaporomoka, mifuko mitatu ikamfuata mguu wa kulia. Gambuti tulizokatwa 25,000 ni za mpira mtupu, zile za kuendea shambani wakati wa mvua, mbele hazina chuma. Mguu ulivimba humo ndani mpaka ikabidi tulichane gambuti kwa kisu cha kukatia kamba. Vidole viwili vilikuwa vimelala upande. Soksi yake ilikuwa ya shule, nyeupe, anavaa ya mdogo wake. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika, mpaka hospitali, na hela ya bodaboda na ya picha ya mguu tulichanga palepale getini.

Kesho yake nikaenda kusaini karatasi ya mahudhurio. Mimi huwa nasaini mstari wa 24, yeye wa 23. Mstari wa 23 wa siku ya jana ulikuwa mweupe. Umepakwa ule wino mweupe wa kufutia, bado unang'aa, ukiinamisha karatasi unaona kwa chini herufi za jina lake. Wamemfuta. Siku aliyovunjika mguu, kwa karatasi zao, hakufika kazini.

Nikaenda na mama yake kwa mtu wa utumishi pale godauni. Akatukaribisha viti, akasema kwa upole kabisa, "Mama, pole sana, lakini hawa si wafanyakazi wetu, sisi tunanunua huduma. Mwajiri wao ni wakala." Tukapanda kwa wakala. Wakala hata hakuinua macho kwenye simu: "Kaumia kwenye eneo lao, kazi yao, lori lao. Waulizeni wao." Mama akarudi godauni peke yake siku ya pili. Siku ya tatu akanipigia akasema, mwanangu niache, nitampeleka kwa mganga wa mifupa kijijini.

Asubuhi wakitaka tuingie mapema, wote wawili ni mabosi. Supavaiza wa godauni anakufukuza, msimamizi wa wakala anakufukuza. Ukivunjika mguu, wote wawili ni wapita njia.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Nimesoma usiku kwa simu, bando la kukopa, na ninachoandika hapa ni kile nilichokiona kwenye maandishi.

Mwaka 2014 serikali ilitoa kanuni za mawakala binafsi wa ajira, chini ya ile Sheria ya Huduma za Ajira ya 1999. Kazi ya wakala ikaelezwa ni kumuunganisha mtafuta kazi na mwajiri. Aache kuwa mwajiri wa watu anaowakodisha, waliokuwa chini yake wahamishiwe kwenye kampuni wanakofanyia kazi. Na asimtoze mtafuta kazi hela. Wakuu, 2014! Mimi nimelipia fomu na kitambulisho miaka mingi baada ya hapo, kwa risiti yenye muhuri.

Halafu kuna ule mchezo wa miezi mitatu. Mkataba wetu ni wa miezi mitatu mitatu. Ukiisha, unakaa nyumbani siku tatu nne, unaitwa kusaini mwingine. Nimesaini 6. Msimamizi alikuwa anatutambia kabisa kwamba hamuwezi kushtaki, hamjafika miezi sita. Kweli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35, inasema kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliyefanya chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo. Lakini sentensi haijaishia hapo. Inaendelea: iwe kwa mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Hapo ndipo niliporuka kitandani nikamwamsha mke wangu. Mikataba sita haiwi vipande sita vya kuanza upya. Walikuwa wanatutisha na nusu ya sentensi.

Kuna jingine, Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Hicho kinataja mambo ambayo yakiwepo hata moja, mtu anachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka mwenye kukataa athibitishe vinginevyo. Nani anakupangia namna ya kufanya kazi? Nani anakupangia saa? Je, umemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu? Vifaa unapewa na nani? Unamtegemea nani kwa riziki? Mimi saa 45 nazimaliza kwa siku nne. Toroli ni la godauni, mzani ni wa godauni, king'ora cha kuingia ni cha godauni. Kwa hiyo yule mtu wa utumishi aliyetukaribisha viti asidhani neno "huduma" linamfunika.

Na kuhusu nakala ya mkataba tuliyonyimwa: kifungu cha 15 cha ile ya ajira kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha mbele ya usuluhishi, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Faili analolificha ndilo litakalomfunga.

WCF ndiyo inayoniuma zaidi kwa ajili ya dogo. Mchango wa mfuko wa fidia analipa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na mfanyakazi akiumia kazini mwajiri anatakiwa atoe taarifa. Kipo kabisa chombo cha kulipia ule mguu. Kilichotakiwa ni mtu mmoja kati ya wale wawili ajaze fomu. Badala yake akachukua wino mweupe.

Sasa najua kuna watakaokuja kusema, shukuru Mungu, Kigoma kazi hakuna, wenzako wako kijiweni. Nimeyasikia hayo hata nyumbani. Mjomba wangu aliniambia tulia, utaharibia wengine. Hapana. Kazi ya godauni ipo kwa sababu mzigo upo, meli zipo, ziwa lipo. Wakala hakuleta meli hata moja. Angekuwa hayupo, mifuko ile ingebebwa na sisi hao hao. Na kama hoja ni kwamba kampuni haina muda wa kusaili vijana 40, basi wakala asaili, alipwe ada yake na kampuni, aondoke. Wapo wanaofanya hivyo, kaka yangu alipata kazi Tabora kwa njia hiyo, mkataba akasaini na kampuni yenyewe tangu siku ya kwanza, hakutoa hata mia.

Mimi mkataba wa sita umeisha wiki mbili na nusu zilizopita. Sikuitwa tena. Walioitwa ni wale ambao hawakwenda na mama wa watu kwa mtu wa utumishi. Mkopo wa kausha damu nilioukopa nikitegemea mkataba wa saba unadaiwa kila Jumatatu.

Kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, shauri la kuachishwa kazi linatakiwa lifike ndani ya siku 30. Madai mengine, mfano ovataimu na makato, siku 60. Ukichelewa unaanza kuomba uongezewe muda kwa kueleza sababu, na huko ndiko mawakala wanakotaka tufike, ndiyo maana ya zile "njoo wiki ijayo" zao zote. Kwangu leo ni siku ya 18.

Naomba msaada wa mambo mawili kwa wenye uzoefu. Kwanza, kwenye ile fomu ya CMA, naweza kuwaandika wakala na godauni kwa pamoja kama walalamikiwa, au nitaambiwa nichague mmoja? Aliyewahi kufanya hivyo anieleze ilikuwaje, hata kama alishindwa. Pili, ile karatasi ya mahudhurio niliipiga picha, jina lililofutwa linasomeka ukiikuza. Je, picha ya simu itapokelewa, na niilinde vipi wasiseme nimeichezea?

Na wewe uliyekuwa kwenye kundi la watu 40, najua mnasoma humu, tulikuwa tunasoma pamoja wakati wa chai. Usitupe slipu. Nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango yako, hailipiwi, itakuchukua dakika kumi. Usisaini karatasi yoyote ya kusema umelipwa kila kitu, hata wakikupa 50,000 mkononi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni CMA na bahasha yangu. Mwalimu atakuja na magongo, mama yake amekubali.