Shekina yuko uhamishoni: tikuni inatengeneza nini hasa?

Swali
Wakuu, nasoma Kabala (elimu ya siri ya Kiyahudi) ya Isaac Luria (1534–1572) wa Safed, mji wa Galilaya, nimekwama. Shekina, yaani uwepo wa Mungu, anakwendaje uhamishoni? Na tikuni (matengenezo) ndiyo kule kusaidia maskini?

Jibu 1
Anza na neno. Shekina ni mzizi sh-k-n, kukaa. Ndugu wa "maskani" yetu. Kwa Wakabala ndiye Malkuti, sefira (ngazi ya nuru ya Mungu) ya 10, inayopakana na dunia.

Luria anafundisha kwamba nuru ilimiminwa kwenye vyombo 10, kimoja kwa kila sefira. Vitatu vya juu vilihimili, sita vikapasuka, cha mwisho kikaharibika kwa sehemu. Kisa? Kila kimoja kilisimama peke yake, hakuna kupokezana. Cheche 288 zikaanguka na vigae, na Shekina akashuka nazo: huo ndio uhamisho. 288 hiyo inatoka Mwanzo 1:2, neno la Kiebrania "merahefet"; kila herufi ya Kiebrania ni namba pia. Toa herufi ya kwanza na ya mwisho, zinabaki resh (200), pe (80), het (8). Mbili ulizotoa zinasomeka "met", amekufa. Tikuni ni kuzipanga upya sefira ziwe "nyuso" tano zinazopeana nuru.

Jibu 2
Maskini wamo, ila usichanganye. "Tikun olam" (kutengeneza dunia) ya Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kitabu cha Gitini, ni kanuni za sheria. Mfano, mateka asikombolewe kwa bei inayozidi thamani yake. Maana ya harakati za kijamii ni ya juzi tu. Kwa Luria, kila amri ya Torati ikitimizwa kwa kavana, yaani nia iliyoelekezwa, huinua cheche.

Ukitaka kuiona kwa vitendo, angalia Tikun Hatsot, maombolezo ya usiku wa manane: sehemu iitwayo Raheli kwanza (Zaburi 137 na 79 zimo), kisha iitwayo Lea. Sabato na sikukuu, ya Raheli haisomwi. Wengi hukosea saa. Jua likizama 12:30 jioni na kuchomoza 12:10 asubuhi, usiku una saa 11 na dakika 40. Nusu yake inaangukia 6:20, siyo 6:00.

Jibu 3
Ongeza "leshem yihud", tamko la kabla ya amri: kumuunganisha Mtakatifu na Shekina wake. Si wote wanalikubali. Rabi Yechezkel Landau wa Prague (1713–1793) alilipinga vikali. Kulikariri bila kavana ni maneno matupu.

Muulizaji
Asanteni. Hiyo 6:20 ni ya mwaka mzima?

Jibu 2
Hapana, husogea. Hesabu kwa jua la mahali ulipo.