Naomba ushauri: mama ametuachia Diwali, tuwashe taa au tuache?

NyarNyakach
Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisumu, Migosi. Nimeandika haya na kuyafuta mara tatu, mnivumilie.

Mama yangu alikuwa chotara. Baba yake alikuwa Mhindi wa Gujarat aliyekuja kujenga reli, na mama yake Mjaluo wa Nyakach. Alizaliwa hapa, akasoma hapa, tukamzika Februari mwaka huu. India hakuwahi kukanyaga. Lakini tangu nipate akili, kila Diwali, ile sikukuu ya taa ya Wahindi, alipanga vijitaa vitano vya udongo barazani, samli ndani, utambi wa pamba aliousokota mwenyewe juu ya paja. Mlangoni alichora maua kwa unga wa mchele. Tulikaanga vitafunio vya chevda, tukatumwa na sahani nyumba hadi nyumba. Kesho yake alifungua daftari jipya la matumizi ya nyumbani, hata kama la zamani lilibaki na kurasa tupu.

Mwaka jana iliangukia Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba, siku moja baada ya Baba, yaani Raila Odinga, kuzikwa Bondo. Mji wote ulikuwa unalia. Mama akasema tuwashe kimoja tu, tena ndani, mtu asidhani tunasherehekea. Hicho ndicho kilikuwa cha mwisho wake.

Mwaka huu ni Jumapili, tarehe 8 Novemba. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Mama mkwe yuko kwetu tangu Agosti, anatibiwa miguu. Watoto wananiuliza kila jioni, "Mama, tutawasha?" Ni haki kweli kusherehekea sikukuu ya nchi ambayo si yangu, wala haikuwa ya mama?

Mlinzi_wa_Zamu
Dada, soma Kutoka 20. "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Siku hiyo Wahindi wanamwabudu Lakshmi ili awape mali. Mume wako ni mzee wa kanisa, na wewe unawasha taa kwa nani? Watoto wanajifunza kwa macho. Pole kwa msiba.

SinghWaNakuru
Pole sana dada. Mimi ni Kalasinga, nina gereji hapa Nakuru, baba yangu alizaliwa Kericho. Niseme kidogo kuhusu siku yenyewe maana naona inahukumiwa bila kujulikana.

Wahindu wengi wanakumbuka Ram aliporudi nyumbani Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni. Watu waliwasha taa apate kuona njia. Lakshmi naye anaombwa, hilo ni kweli, na wafanyabiashara wa Kigujarati huombea vitabu vyao vya hesabu kisha wakafungua vipya kwa mwaka wao mpya. Daftari la mama yako limetoka huko! Wajaini usiku huo wanamkumbuka Mahavira, mwalimu mkuu wa dini yao. Sisi Masingasinga tunamkumbuka Guru Hargobind, kiongozi wetu wa sita, alipotoka kifungoni Gwalior pamoja na wafalme 52. Aliambiwa atatoka na wale tu watakaoshika vazi lake, akashonewa joho lenye pindo 52. Usiku ni mmoja na kila nyumba ina lake. Hata nyumba yenu inaweza kuwa na lake.

MkisiiWaBaridi
Nikusimulie yangu. Niko Minnesota mwaka wa kumi na moja, nafanya kazi ya uuguzi. Nilipokuwa Nakuru, Jamhuri ilikuwa siku ya kufua. Gwaride nililisikia redioni kwa jirani. Sasa kila 12 Desemba tunakodi ukumbi, theluji imefika magotini, tunapika ugali na mbuzi, tunaimba wimbo wa taifa beti zote tatu. Zamani nilijua moja. Mwaka wa kwanza nililia nikashindwa kula.

Kwa nini? Nina binti wa miaka tisa aliyezaliwa huku. Akiulizwa shuleni ametoka wapi, anajibu "Kenya", na Kenya anayoijua ni ule ukumbi na ile nyama. Nisipompa siku hiyo nitampa nini kingine? Ekegusii hajui, Kiswahili anasikia maneno ya kugombezwa tu.

BodaWaBusia
Sisi babu alitoka Tororo. 9 Oktoba, Uhuru wa Uganda, lazima matoke. Wenzangu wa Kisumu msijifanye, hadi 1902 hapo kwenu palikuwa Uganda, mkoa wa mashariki. Kwa hiyo 9 Oktoba nawasubiri nyote Busia na sufuria zenu 😂

Shangazi_Mkali
Mnamjibu kuhusu Uganda na Minnesota, mmeshasahau aliyeuliza. NyarNyakach mwanangu, nina swali moja. Huyo babu Mhindi alimlea mama yako? Alikuwa baba wa kukaa nyumbani, au baba wa kusikia?

NyarNyakach
Shangazi, kwani hilo linahusiana vipi na taa?

Shangazi_Mkali
Linahusiana. Jibu.

NyarNyakach
Sawa.

Babu alikuwa na nyumba nyingine mjini, mke na watoto wa kwao. Nyanya alipanga chumba karibu na ziwa. Babu alikuja alipoweza. Lakini usiku wa Diwali alikuja kila mwaka bila kukosa, usiku sana, akishamaliza kwake. Alileta boksi la peremende za maziwa na vijitaa vitano. Mama aliniambia ndiyo siku pekee katika mwaka aliyokuwa na hakika kwamba baba yake atakuja.

Februari 1968 akahamia Leicester na familia yake, kabla Uingereza haijawafungia mlango Wahindi wa huku. Mama alikuwa na miaka saba. Hawakuagana.

Oktoba ikafika, hakuna vijitaa. Nyanya alikuwa mfinyanzi, kwao Nyakach wanawake wengi hufinyanga vyungu. Akafinyanga vitano mwenyewe, akavichoma pamoja na vyungu vya kuuza soko la Kibuye. Vile mama alivyovitumia maisha yake yote ni vya mkono wa nyanya. Vipo kabatini kwangu, kimoja kimepasuka ukingo.

MkisiiWaBaridi
Nimesoma hii kwenye basi, nimepitiliza kituo changu.

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega
Binti, kwa hiyo aliyeishika Diwali nyumbani kwenu ni Mjaluo. Hebu tulitazame hilo vizuri kabla hatujamwambia kwamba si yake.

Nimefundisha Kiswahili miaka 33. Ukipanda gari, ukilipa bima, ukihesabu laki, umetumia maneno yaliyopitia kwa Wahindi. Na Krismasi huku kwetu Magharibi ni nini kama si chapati? Nyanya yangu wa Butere hakupika chapati utotoni mwake. Leo mtoto akikosa chapati 25 Desemba atasema hapakuwa na Krismasi. Na hiyo Krismasi yenyewe ililetwa na wamisionari, babu zetu wakaikuta ukubwani. Mlinzi_wa_Zamu, sikudharau imani yako, nami ni Mkristo. Lakini ukianza kuuliza kila sikukuu kitambulisho chake, hata zile unazozipenda zitashindwa kukitoa.

BintiKibos
Mwalimu umegusa kidonda, kitambulisho. Mimi ni Mnubi. Babu zetu waliletwa kutoka Sudan kama askari wa Waingereza. Hatuna siku ya Sudan tunayoishika. Tuna ngoma ya doluka kwenye harusi, mabibi wamevaa gurbaba, na kisra jikoni. Lakini mimi nilipoenda kuchukua kitambulisho niliketishwa mbele ya wazee na kuulizwa babu wa babu yangu alizaliwa wapi. Jirani yangu aliyezaliwa wiki moja na mimi hakuulizwa. Baba akatuambia tupunguze ngoma, watu wasipate la kusema.

Tukapunguza, na maswali hayakupungua. Kwa hiyo dada, washa. Ukizima watakuuliza vilevile.

Mchunguzi_Huru
Samahani niharibu mazungumzo, lakini mmeangalia hesabu? Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, karibu 2,500 wakafa, wengi wa waliobaki hai wakarudi kwao, wasiofika 7,000 wakabaki. Na wengi walikuwa Wapunjabi, si Wagujarati. Mama yake huyu kazaliwa 1961. Basi babu kajenga reli akiwa na miaka 20, kazaa akiwa na 80, kisha kahamia Leicester anakaribia 90? Akaunti nayo imefunguliwa juzi. Vijitaa vya nyanya, boksi la peremende, ukingo uliopasuka... Hadithi tamu, lakini ni ya kutunga. Tumeshachangishwa pesa humu kwa hadithi kama hizi.

BodaWaBusia
Aisee. Hiyo hesabu inauma.

Mlinzi_wa_Zamu
Nilihisi.

SinghWaNakuru
Jamani polepole. Kila familia ya Kihindi nchini hii itakuambia babu alijenga reli. Hata kwetu walisema hivyo, kumbe babu mzaa baba alikuja 1926 kufanya useremala Kericho. Reli ndiyo hadithi iliyotupa haki ya kuwa hapa, kila mtu akaipanda. Kosa hilo ndilo linanifanya nimwamini.

NyarNyakach
Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba. Akaunti ni mpya kwa sababu sitaki mume wangu aone jina langu.

Reli ni maneno ya mama, nami nimeyarudia kama nilivyoyasikia. Mchunguzi una haki. Babu alitoka Porbandar 1948 akiwa na miaka 18, akateremka Mombasa melini, akaja kuuza dukani kwa mjomba wake. Nimeambiwa juzi tu.

Shangazi_Mkali
Umeambiwa na nani?

Shangazi_Mkali
Nyar, uko hapo? Mama amefariki, nyanya hayupo, babu kaenda zake 1968. Juzi umeambiwa na nani?

NyarNyakach
Na mjukuu wa ndugu yake. Ndugu wa babu hakuhama. Duka lipo hadi leo, hapa hapa mjini, wanauza rangi na mabati. Nimepita mbele yake maisha yangu yote. Mama alikuwa akivuka barabara akilikaribia.

Septemba niliingia. Nilimwambia mimi ni nani, miguu inatetemeka. Akaniangalia, akasema, "Najua. Nyumbani sote tulijua." Akaniletea kiti. Babu alifariki Leicester zamani. Yule kijana akaniuliza kama Jumapili hiyo jioni anaweza kuja kwetu na mama yake, wakishamaliza kwao. Nikasema ndiyo.

Mume wangu hajui. Wala mama mkwe.

BodaWaBusia
Ala!

Mlinzi_wa_Zamu
Basi swali halikuwa kuhusu sikukuu. Ulishaamua, ukaja kutafuta wa kukupigia makofi.

NyarNyakach
Sikuja kutafuta makofi. Hata huo mwaliko sikuupanga, uliponyoka mdomoni. Na kusema kweli siujutii. Nimeshanunua samli, nimeshasokota tambi kumi. Mume wangu ni mtu mwema, lakini nikimwambia mapema atampelekea mchungaji, mchungaji ataliombea, na likishaombewa litakuwa limeamuliwa. Nilifikiri wageni wakishakuwa mlangoni, hawezi kuwafukuza. Kwetu mgeni hafukuzwi.

Shangazi_Mkali
Hapo ndipo nakukatalia. Unataka kumtega mumeo kwa heshima yake mwenyewe. Nimeolewa miaka 41 na nakuambia, mwanamume akitegwa mbele ya mama yake hasahau. Na kuna jingine. Watu watasema unafuata mali ya Wahindi, na yeye ataulizwa sokoni kabla hajajua anaulizwa nini.

NyarNyakach
Sitaki hata msumari wa lile duka. Nataka wakae barazani kwangu wanywe chai. Mama alingoja hivyo tangu akiwa na miaka saba.

BintiKibos
Basi mwambie hivyo hivyo kama ulivyoandika hapa. Usibadilishe neno.

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega
Naunga mkono. Na anza na daftari, usianze na Lakshmi. Mzee wa kanisa anaelewa daftari la mama aliyefariki.

SinghWaNakuru
Dada, mama aliwahi kukuambia kwa nini taa zinawashwa?

NyarNyakach
Habari za Ram nimezisikia kwako. Mama alisema tu zinawashwa ili mtu asipotee njia. Nilidhani anazungumzia majirani wanaokuja kula chevda.

Mchunguzi_Huru
NyarNyakach, nisamehe. Nilikuwa na sababu zangu ila nilikuwa mkali. Hicho kilichopasuka usikitie samli, itavuja ipate moto. Tia mchanga kidogo usimamishe mshumaa.

NyarNyakach
Nimemwambia. Sasa hivi, tukiwa jikoni, mama mkwe yuko sebuleni na mlango uko wazi, bila shaka amesikia. Nilianza na daftari. Nikamaliza na duka.

Hajasema neno. Ametoka nje, amesema anaenda kulisha kuku. Ni saa tatu usiku, kuku wamelala tangu magharibi.

Shangazi_Mkali
Usimfuate. Mwache na kuku wake. Mama mkwe amesema nini?

NyarNyakach
Ameniita. Ameuliza hivyo vijitaa alivifinyanga nani, nikasema nyanya, wa Nyakach. Akauliza Nyakach ipi, ya juu au ya chini. Sasa anataka niende nivitoe kabatini avione.