Wasikilizaji wa midahalo ya redio hupiga kura zaidi: je, ni redio iliyowasukuma?

Mwanafunzi wa Uzamili

Wanajukwaa, salaam. Naandika tasnifu kuhusu ushiriki wa wananchi katika uchaguzi, nami nimekwama. Nilipita nyumba kwa nyumba na dodoso katika kata kadhaa, na nilipochambua majibu nikaona kwamba wanaosikiliza midahalo ya siasa redioni ndio hao hao wanaosema walipiga kura, kwa kiwango kinachowapita mbali wasiosikiliza. Nikaandika kwamba midahalo ya redio huongeza ushiriki wa wapiga kura. Msimamizi wangu ameikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba nimeonyesha uwiano, sijaonyesha usababishi. Naelewa kwamba mpenda siasa atasikiliza mdahalo na pia atapiga kura, hata redio ikizimwa. Lakini nilikwisha kulinganisha watu wa umri mmoja, jinsia moja na kiwango kimoja cha elimu, na tofauti ikabaki pale pale. Je, hilo halitoshi?

Mwalimu wa Takwimu

Ndugu, halitoshi, na msimamizi wako amekutendea haki. Upo utafiti ambao huwasomesha wanafunzi wangu kabla hawajagusa kompyuta. Mwaka 2002, kabla ya uchaguzi wa Bunge la Marekani, Kevin Arceneaux, Alan Gerber na Donald Green waliwagawa wapiga kura wa majimbo ya Iowa na Michigan kwa bahati nasibu: baadhi wakapangiwa kupigiwa simu ya kuwahimiza wakapige kura, wengine hawakupangiwa. Kisha wakafanya hesabu kwa njia mbili. Ya kwanza ilifanana na yako: walimchukua kila aliyepokea simu na kuzungumza, wakamtafutia mwenzake ambaye hakupigiwa lakini analingana naye kwa umri, jinsia, idadi ya wapiga kura nyumbani na hata rekodi ya kupiga kura katika chaguzi zilizotangulia. Kwa hesabu hiyo, simu ilionekana kuongeza ushiriki kwa asilimia kadhaa. Njia ya pili iliiheshimu ile bahati nasibu, ikalinganisha kundi zima lililopangiwa simu na kundi zima lisilopangiwa, wawe walipokea au hawakupokea, na hapo athari ya simu ikawa karibu na sifuri.

Tofauti hiyo ilitoka wapi, ilhali wapiga kura ni wale wale? Anayekutwa nyumbani, akapokea simu ya mtu asiyemjua na kumsikiliza, ana jambo ndani yake, pengine afya, utulivu wa maisha au moyo wa kushirikiana na wenzake, ambalo daftari la wapiga kura haliliandiki. Na zingatia kwamba watafiti wale walikuwa na rekodi halisi za chaguzi zilizopita, wakati wewe una umri, jinsia na elimu tu.

Msomaji wa Kigoma

Nakubaliana na Mwalimu, ila nisingependa mwenzetu aondoke akidhani kwamba pasipo bahati nasibu hakuna la kujifunza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, David Yanagizawa-Drott alitaka kujua kama matangazo ya RTLM, stesheni ya Rwanda iliyoeneza chuki dhidi ya Watutsi, yalichochea mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Hakutegemea swali la nani alisikiliza, kwa kuwa mwenye chuki tayari ndiye angekuwa wa kwanza kuitafuta stesheni ile. Alitazama vilima. Mawimbi huzuiwa na milima, hivyo vijiji viwili jirani vinaweza kutofautiana, kimoja kikishika matangazo vizuri na kingine kisishike, si kwa uamuzi wa wanakijiji bali kwa umbo la ardhi. Alikadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na matangazo hayo. Wapo waliouhoji utafiti huo, na ni haki yao, maana kilima kinachozuia mawimbi huenda kinazuia pia barabara na soko. Hata hivyo hoja yake ina mguu wa kusimamia kuliko ulinganisho wa msikilizaji na asiyesikiliza.

Mwanafunzi wa Uzamili

Nawashukuru sana. Kata zangu mbili ziko nyuma ya mlima, na wakazi walinieleza kwamba stesheni inayorusha midahalo hawaishiki kabisa. Nusura niziondoe, nikidhani zinaharibu sampuli.

Mwalimu wa Takwimu

Usiziondoe, ingawa kata mbili ni chache mno. Tafuta nguvu ya mawimbi katika kila kituo cha kupigia kura cha wilaya nzima, kisha tumia idadi rasmi ya waliopiga kura badala ya majibu ya dodoso. Marekani, majibu ya watu yalipolinganishwa na kumbukumbu rasmi, ilibainika kwamba wanaodai kupiga kura ilhali hawakupiga ni hasa wasomi na wafuatiliaji wa siasa, yaani watu wale wale unaowakuta karibu na redio. Ila takwimu za kituo hazimwelezi msikilizaji mmoja mmoja, kwa hiyo sentensi yako mpya iandike kuhusu maeneo. Uliza pia mnara wa stesheni ulisimikwa mwaka gani, kwa sababu ukiwa ulisimikwa kati ya chaguzi mbili, utaweza kulinganisha kila kituo na hali yake yenyewe ya kabla.