Nakala kumi na tano: riwaya ya mapenzi ya Kampala, au ile ya shamba la kahawa?

Mwalimu wa Wandegeya
Ndugu wasomaji, nimekabidhiwa fedha za kununulia nakala kumi na tano za riwaya moja, na nimebaki na mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya mapenzi ya hapa Kampala. Sitaitaja kwa jina kwa kuwa mwandishi ndiyo kwanza anaanza. Ya pili inamhusu mjane na shamba lake la kahawa. Nilitamani sana kuipenda ya kwanza, maana ni nadra kukutana na mitaa yetu kama Ntinda na Kabalagala katika riwaya ya Kiswahili, lakini nimeifunga bila kuamini hata kidogo kwamba wale wawili wanapendana. Nichukue ipi?

Binti Jinja
Mwalimu, hujatueleza wasomaji ni akina nani, wala bei. Tena, ni nini hasa kilichokufanya usiamini?

Mwalimu wa Wandegeya
Samahani, dada. Ni walimu vijana wanaojiandaa kufundisha Kiswahili. Ya mapenzi ni shilingi 25,000, ya mjane ni 35,000, nami nina 450,000.

Kuhusu wapenzi, wote wawili ni wa kabila la Baganda, lakini tangu mwanzo hadi mwisho hakuna anayemuuliza mwenzake ukoo wake, ilhali tunajua kwamba watu wa ukoo mmoja hawaoani na kwamba swali hilo huulizwa mapema, kabla moyo haujazama. Kisha tunafikishwa ghafla kwenye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, bila senga, yaani shangazi, aliyewahi kuketi na binti huyo kumpa mawaidha. Tunaambiwa kila mara kwamba wanapendana, lakini hatumwoni mmoja akimngoja mwenziwe kituo cha teksi mvua ikinyesha, wala hawabishani juu ya kodi ya chumba.

Mzee wa Mbale
Kwa fedha hizo utapata nakala kumi na mbili tu za ile ya mjane. Mimi ningenunua riwaya ya upelelezi, kama ninavyoshauri siku zote. Hiyo ya mapenzi nimeisoma: wanakutana baa katikati ya mwaka 2021, wakati baa zilifungwa kwa ajili ya korona tangu Machi 2020 hadi Januari 2022.

Mkazi wa Kabalagala
Shikamoo, mzee. Niruhusu nikupinge, kwa sababu milango ya mbele ilifungwa, lakini ya nyuma sote tunaijua. Kosa la mwandishi si baa. Watu wawili wanaokutana mahali palipokatazwa, saa ya kutotoka nje ikikaribia na boda boda zimekwisha ondoka barabarani, wana hofu moja, na hofu hiyo ingeweza kuwaunganisha. Yeye amewapa mazungumzo ya viatu na simu.

Mzee wa Mbale
Marahaba. Hata hivyo, msomaji wa kesho ataamini kwamba mwaka ule ulikuwa wa kawaida.

Binti Jinja
Nawasihi msiende mbali na wapenzi, maana hilo limenigharimu. Niliwahi kununulia chama cha wasomaji shuleni nakala ishirini za riwaya ya mapenzi, kwa kuvutiwa na jalada na maneno ya muuzaji. Wiki ya kwanza wanafunzi waliisoma kwa furaha. Wiki ya pili msichana mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, yule kijana amempendea nini bibi huyo. Tukapekua kurasa kwa muda mrefu, na hatukupata jibu ila uzuri wa sura na gari. Wiki ya nne walikuja watano. Muuzaji alikataa kuzipokea tena, na hadi leo zimo kabatini. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba baadhi yao walihitimisha kuwa riwaya za Kiswahili zote ni hivyo.

Mkazi wa Kabalagala
Lakini hao ni walimu, dada. Riwaya yenye wapenzi wasioaminika inaweza kuwafundisha kuhoji wahusika kuliko riwaya isiyo na doa.

Binti Jinja
Kwa nakala moja ya mwalimu, nakubali. Kwa kumi na tano, hapana.

Mwalimu wa Wandegeya
Jumamosi nitawasomea sura ya kwanza ya kila moja, nione watauliza nini. Je, kuna anayejua kama ile ya mjane hupatikana kwa bei nafuu zaidi Nairobi?

Mzee wa Mbale
Huenda. Uliza kwanza nauli ya mzigo kwa basi linalopitia mpaka wa Malaba, na uulize pia riwaya za upelelezi.